Neno "Ghafi"

Msimu wa kilimo ukianza, ingia duka lolote la pembejeo Nachingwea mjini, uangalie mfuko wa urea. Umeandikwa 46. Maana yake, katika kila kilo 100 za mbolea ile, kilo 46 ni naitrojeni. Sasa chukua kikokotoo cha simu, zidisha 46 kwa 6.25. Unapata 287.5. Hongera, umefanya hesabu ileile inayofanywa na maabara za chakula dunia nzima zinapotaka kujua kiasi cha protini, na kwa hesabu hiyo kilo moja ya urea ina karibu kilo tatu za protini. Dagaa hawafui dafu. Kasoro yake ni moja tu, kwamba si chakula.

Nimefanya kazi maabara miaka kadhaa, nikipima vyakula vya mifugo na unga wa watoto, na mzaha huu wa urea ndio tunaowapokelea vijana wanaokuja mafunzo kwa vitendo. Wengi wanacheka, wanaendelea kuosha chupa. Mara chache anatokea mmoja ambaye hacheki. Anakaa kimya, halafu anauliza: "Sasa hapa tunapima nini?" Swali hilo ndilo nataka kuliandikia, mbele ya watu wanaosoma riwaya na kubishana kuhusu mashairi, kwa sababu naona si swali la kemia peke yake. Mtu akitamka jambo ambalo kila neno lake ni sahihi, huku akijua kabisa kwamba msikilizaji ataelewa kitu kingine, je, amesema kweli?

Tuanze na kazi yenyewe. Unapima gramu moja ya unga, unaiweka kwenye chupa ya kioo yenye shingo ndefu, unamimina asidi ya salfuriki ile kali isiyochanganywa na maji, unatia chumvi ya potasiamu salfeti ili joto lipande, na shaba kidogo ya kuharakisha. Unachemsha kwa nyuzi joto kama 400. Unga unageuka mweusi kama lami, unatoa povu, moshi mweupe unapanda kwenye kabati la kuvutia hewa. Baada ya saa kadhaa weusi unaondoka, yanabaki maji maangavu yenye ukijani kwa mbali. Hapo kila kitu kilichokuwa unga kimeshakufa: ladha, harufu, wanga, mafuta, jasho la aliyelima. Naitrojeni ndiyo imebaki, imejificha ndani ya asidi. Unaongeza kostiki soda, naitrojeni inatoka kama amonia, harufu unayoijua ukipita nyuma ya stendi saa nane mchana. Unainasa kwenye asidi ya boriki, kisha unadondosha asidi nyingine tone kwa tone mpaka rangi igeuke. Matone yanakupa naitrojeni. Naitrojeni unazidisha kwa 6.25. Protini hujaiona mahali popote.

Na hiyo 6.25 imetoka wapi? Protini nyingi, kwa wastani, zina naitrojeni asilimia 16, na 100 ukigawa kwa 16 unapata namba hiyo. Kwa hiyo tunafanya dhana mbili kwa mpigo: kwamba naitrojeni yote iliyomo imetoka kwenye protini, na kwamba protini zote zinafanana.

Aliyetuachia kazi hii ni Mdenmaki, Johan Kjeldahl, aliyeitangaza mwaka 1883 akiwa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Kiwanda kilitaka kujua protini iliyomo kwenye shayiri, maana ndiyo inayoamua mambo mengi ya bia. Njia yake ilikuwa rahisi na ya haraka kuliko zilizotangulia, na haikupita miaka mingi ikasambaa dunia nzima. Lakini mimi huwa naangalia jambo moja dogo kwenye hadithi hiyo. Mpimaji, mpikaji na mwenye kiwanda walikuwa chini ya paa moja. Wote walijua kilichomo kwenye gunia ni shayiri. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kutia kitu kingine ili amdanganye mwenzake. Kipimo kilizaliwa ndani ya nyumba yenye uaminifu, na hakikuwahi kufundishwa kujilinda.

Kilipotoka nje ya nyumba mambo yakaanza kubadilika, kwanza hata bila nia mbaya ya mtu. Karanga, kwa mfano. Protini za karanga zina naitrojeni nyingi kidogo kuliko wastani, kwa hiyo namba yake sahihi ya kuzidishia si 6.25 bali 5.46, jambo hilo limeandikwa na kujulikana tangu mwaka 1931. Tuseme karanga za mkulima wa Nachingwea zimetoa naitrojeni asilimia 4.7. Kwa 5.46 zina protini asilimia 25.7. Kwa 6.25 zina asilimia 29.4. Zimenenepa bila mkulima kuinua jembe. Kwenye biashara ya vyakula vya mifugo, 6.25 ndiyo inayotumika kwa karibu kila kitu, na hakuna anayeona aibu. Tukikosea wote kwa pamoja, kosa linaitwa kiwango.

Halafu ikaja nia mbaya. Mwaka 2008 nchini China ilibainika kwamba maziwa yaliongezwa maji, na ili upungufu wa protini usionekane, yakatiwa melamini. Hiyo ni malighafi ya zile sahani ngumu zisizovunjika, tunazokodi kwenye harusi. Theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Ukiipitisha kwenye hesabu yetu inatoka na protini zaidi ya asilimia 400. Mashine hazikuona kitu. Maziwa yakafika kwenye chupa za watoto wachanga, melamini ikajijenga kuwa mawe kwenye figo. Watoto 6 walikufa, karibu 300,000 wakaugua. Watu wawili walinyongwa... hapana, waliuawa kwa hukumu ya mahakama, mwaka 2009. Njia sitaki kuijua.

Wahalifu tumeshawaona, na kuhusu hao hakuna mjadala wa kimaadili wa kutukesha. Ninaowafikiria mimi ni wengine: watu wa maabara waliopokea maziwa yale, wakayachemsha, wakahesabu matone, wakaandika namba. Namba ilikuwa sahihi. Naitrojeni kweli ilikuwepo. Kuna mwenzangu mmoja kazini ambaye hana shaka hata chembe: "Mimi nimeulizwa naitrojeni, nimejibu naitrojeni. Mengine ni ya polisi." Nakiri ni hoja nzito. Mpimaji hawezi kuwa mlinzi wa nia za watu wote. Akianza kujiuliza kila sampuli imekuja na ajenda gani, hatamaliza hata moja.

Bado sikubaliani naye. Namba ya maabara haifanani na uzito wa jiwe ambalo limelala tu pale halimhusu mtu. Ni ushahidi. Imetolewa ili mtu mwingine aiegemee: mnunuzi, mfugaji, mama anayechagua unga. Na ushahidi una sheria yake ya zamani kuliko maabara. Shahidi akiulizwa "Ulimwona fulani dukani?" akajibu "Ndiyo", huku akijua swali ni la usiku wa wizi na yeye alimwona wiki iliyotangulia, hakuna neno la uongo alilotamka. Lakini nenda kamuulize mzee yeyote wa baraza kama mtu huyo ni mkweli. Mtaani tuna jina la ukweli wa aina hiyo, sitaliandika hapa.

Tena sayansi yenyewe ilishalijua deni hili, ikajaribu kulilipa kwa neno moja. Kwenye cheti hatuandiki "protini". Tunaandika "protini ghafi". Hilo "ghafi" ndilo neno la kweli kuliko yote kwenye karatasi nzima. Linasema: hii ni hesabu ya jumla, haijachujwa, humu inaweza kuwemo isiyo protini, na iliyo protini inaweza isimfae mlaji. Ni maungamo kwa neno moja. Na ndilo neno la kwanza kudondoka. Cheti kinatoka maabara na "protini ghafi", kinafika ofisini kimekuwa "protini", kinafika kwenye mfuko kimekuwa "PROTINI!" yenye rangi nyekundu na picha ya mtoto mnene. Sisi tunaopenda lugha tunagombana sana juu ya vivumishi, tunawaambia waandishi wachanga wavipunguze. Hiki kimoja ningeomba kiachwe.

Mtu wa Nachingwea ana sababu zaidi ya kuangalia jinsi namba inavyotegemea aliyeuliza. Mji ule, kama tunavyoujua leo, umejengwa na swali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta: ya kupikia, ya majarini, ya sabuni. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akapendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa matrekta. Wataalamu wakapewa wiki 9 za kuzunguka nchi, sehemu kubwa wakiitazama ardhi kutoka kwenye ndege. Ukaja mradi wa karanga, ekari zaidi ya milioni 3 kwenye karatasi, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwetu ikaja reli, na Mtwara ikapata bandari. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikafuta mradi na hasara ya pauni milioni 36. Reli haikudumu, iling'olewa miaka ya 1960. Majina ya mashamba yaliyopewa namba yakabaki, Farm 17 mpaka leo inaitwa Farm 17, na ndipo FRELIMO walipokuja kufundisha wapiganaji wao.

Mengi yameandikwa kuhusu mvua, udongo na matrekta. Ninachokiona mimi kwa jicho la kazi yangu ni kwamba mbegu ile ina karibu nusu yake mafuta na robo yake protini, na wakubwa walitaka kujua nusu moja tu. Protini ilikuwa takataka ya kiwandani, inabaki kwenye mashudu baada ya kukamua, wapewe ng'ombe na kuku. Wenyeji wa huku, waliokuwa wakipika mboga kwa karanga tangu zamani, walikula vyote viwili, bila kuulizwa.

Mashudu hayo ndiyo yaliyokuja kutoa somo la pili. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Ikaja kugundulika kwamba wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili yaliyoota ukungu. Hapo ndipo dunia ilipoifahamu sumukuvu. Protini ya mashudu yale haikuwa ya uongo, tena hata hakuna aliyewaibia wale ndege. Kipimo kilijibu kilichoulizwa, wakafa na protini yao ya kutosha. Sumu ile haijabaki kwa bata mzinga tu, maana mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kupitia mahindi.

Kisa kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni cha muhogo. Huku kusini muhogo si chakula cha dharura peke yake, watu wanakula makopa. Muhogo una protini kidogo mno, na hata hiyo kidogo inayoonyeshwa na hesabu yetu imekuzwa: karibu nusu ya naitrojeni ya kwenye mzizi si ya protini. Sehemu yake, ndogo lakini ipo, imo ndani ya kemikali ile inayozalisha sayanidi, ndiyo inayoufanya muhogo mchungu uwe mchungu. Tafakari kidogo. Kwenye jedwali la 6.25, sumu inaweza kuhesabiwa upande wa lishe.

Na mwili una namna yake ya kuipoza sayanidi, nayo inahitaji salfa, na salfa tunaipata kwenye protini ya kweli. Mwenye maharage, samaki au karanga anavuka. Asiyekuwa navyo, mwaka wa ukame, muhogo ukazidi uchungu na familia ikakosa subira ya kuuanika siku zote zinazotakiwa, miguu inakakamaa ghafla, na haiponi. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 waliugua zaidi ya watu 1,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaripotiwa Mtwara, kwa jirani zetu kabisa. Dawa waliyofundishwa watu haikuwa ya gharama: lowanisha unga, utandaze mwembamba kwenye mkeka kivulini kwa saa kama tano, sumu inaruka hewani, halafu songa ugali jioni ileile. Ukileta kwangu unga uliotandazwa na unga usiotandazwa, nipime protini ghafi, nitakupa namba ambazo huwezi kuzitofautisha. Mmoja ni chakula, mwingine ni ulemavu.

Nina mama mdogo Ruangwa anayetengeneza unga wa lishe. Mahindi, soya, karanga, ulezi. Alianza kwa kuwauzia majirani, sasa anapeleka mpaka minadani, na kwenye minada hiyo amekutana na mshindani ambaye kifungashio chake kimeandikwa protini asilimia 22. Asilimia 22 ya nini, na imepimwa wapi, hakuna anayeuliza. Akaniomba nimpimie na wake. Kabla ya kuchukua sampuli nilikaa kwake siku mbili, nikamwona anavyofanya kazi. Soya anaikaanga mwenyewe kwenye sufuria pana, moto wa wastani, anageuza bila kupumzika mpaka harufu ya ubichi iondoke na ganda lianze kupasuka. Mgongo unamuuma. Kuni ni pesa. Anafanya hivyo kwa sababu aliyemfundisha alimwambia mtoto akila soya mbichi tumbo linakataa, na alimwambia kweli: soya mbichi ina vitu vinavyoizuia tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini tumboni. Joto ndilo linaloviua.

Majibu yakatoka 15.75. Nikampigia.

"Andika 16," akasema.

"Mama, naandika 15.7. Na lazima iandikwe protini ghafi."

Kimya. Kisha: "Ghafi? Kama malighafi? Yaani mwanangu unataka watu wajue unga wangu haujaiva?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Neno ambalo kwangu lilikuwa ukweli mtupu, kwa mama wa sokoni lilikuwa tusi, tena tusi la uongo, kwa sababu soya yake imeiva kuliko ya mtu yeyote pale mnadani. Nikaanza kumweleza naitrojeni, asidi, matone. Akanisikiliza mpaka mwisho, ni mtu wa adabu. Halafu akasema jambo ambalo bado nalitembeza kichwani.

"Wewe unajua kangomba. Yule mtu ananipunja, lakini bakuli lake naliona. Likijaa naona, akilikandamiza naona. Wewe bakuli lako liko wapi?"

Kwa msomaji asiye wa kusini: kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya utaratibu, kwa kipimo kisicho rasmi. Mwenye pesa anakuja miezi ya njaa, anakupa kidogo, msimu ukifika anakuja kuchukua mali yake kwa bei aliyoipanga yeye. Serikali imepigana nacho miaka mingi. Mwaka 2018, ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kubeba, wakulima walihakikiwa mmoja mmoja kutafuta mzigo wa kangomba. Leo korosho ya Ruangwa na Nachingwea inapita kwenye mizani ya chama cha msingi, inakwenda ghalani, inauzwa kwa mnada wa RUNALI. Mizani ni bora kuliko bakuli, hilo simbishii mtu, na mama mdogo mwenyewe hawezi kurudi kwenye kangomba. Hoja yake ilikuwa nyingine. Dhuluma ya bakuli iko mbele ya macho ya anayedhulumiwa. Dhuluma ya namba inapita juu ya kichwa chake, kwa lugha asiyoijua, ikiwa imevaa koti jeupe.

Na dhuluma ipo. Ichukue soya yake, iliyokaangwa kwa saa nzima, na soya ya mtu aliyeisaga mbichi ili aokoe kuni. Naitrojeni ni ileile. Hesabu ni ileile. Kipimo changu kinawapa wote wawili alama sawa, na kwenye mnada alama sawa maana yake mwenye gharama ndogo anashinda. Kwa muda mrefu nilidhani ubaya wa kipimo butu ni kwamba kinamwachia mwizi apite. Sasa naona anayeumia kwanza ni mwaminifu. Kuni zake, mgongo wake, usiku wake, vyote vinachemshwa kwenye chupa ile na havionekani upande wa pili. Tukifanya hivyo miaka ishirini, tusishangae kama hakuna tena anayekaanga.

Kuna watu wataniambia basi tuachane na vipimo, turudi kwenye kuaminiana. Hapana. Kuaminiana ndiko kulikompa yule wa asilimia 22 nafasi. Vipimo vya kina vipo: cha kuhesabu asidi amino moja moja, cha kuangalia kama soya imepata joto la kutosha. Ni vipimo vingine, vina bei yake, na bei hiyo ni faida yote ya mama mdogo kwa miezi. Ndiyo maana anayelipia kipimo ndiye anayechagua swali, na watu wa kipato chake huwa wanapokea majibu ya maswali ya wengine. Mpimaji asiyeweza kubadili hilo bado ana kazi mbili mikononi mwake: kuandika neno "ghafi" hata kama mteja analichukia, na kukaa karibu na simu wa kulieleza. Ukifanya la kwanza bila la pili umejilinda wewe, hujamlinda mlaji. Mwenzangu wa kazini anasema hiyo si kazi ya maabara. Labda.

Tulibishana na mama mdogo karibu wiki nzima, kwa simu, yeye akinipigia usiku vifurushi vikiwa rahisi. Mwisho tukapatana maneno ya kifungashio. Protini ghafi 15.7%. Chini yake, kwa herufi kubwa kuliko hizo, kwa sharti lake yeye: SOYA IMEKAANGWA. Na wateja wakiuliza ghafi ndiyo nini, anawapa namba yangu.

Wanapiga. Wachache, lakini wanapiga. Juzi alipiga mama mmoja, anasema yuko Mbekenyera, ana mtoto wa miezi minane. Nikajiandaa kumweleza naitrojeni, nilishapata hata mfano mzuri wa debe la mahindi lenye pumba. Hakuuliza ghafi. Aliuliza kama hiyo soya kweli imekaangwa, au imeandikwa tu.

Nikamwambia ndiyo mama, imekaangwa, nilikuwepo.